Nilivyoumbuka Dhaka

Leo sina la jirani wala la mwanamuziki gani kamwacha nani. Nina la kwangu mwenyewe, na ni la aibu. Ukitaka kucheka ruksa, ila usicheke sana, maana mwisho wa kisa huenda ukajikuta na wewe umo.

Mwezi Aprili 2024 nilikuwa Dhaka, mji mkuu wa Bangladesh. Sikwenda kutalii, nilikwenda kufukuzia nguo. Wenye maduka Kariakoo wananielewa: zile fulana na jinzi ambazo ukigeuza kola unakuta zimeandikwa Bangladesh, ndizo zilizonipeleka. Sasa bwana, nikawa nimeingia mjini siku mbaya kibiashara. Idi kule ilikuwa Aprili 11, viwanda vimefungwa, na watu wanasema hawafungui mpaka ipite tarehe 14, siku ya mwaka mpya wa Kibengali. Nikabaki hotelini nimelala chali, natazama pangaboi linavyozunguka.

Mwenyeji wangu, wakala wa nguo, ni mtu wa makamo mwenye maneno machache. Ananiita "bhai", yaani kaka. Kule kila mwanamume ni bhai, kila dada ni apa, mke wa rafiki yako ni bhabi, yaani shemeji. Nikajisikia kama niko kwetu Tanga. Basi usiku wa tarehe 13 akanipigia simu: "Bhai, kesho nakupitia saa kumi alfajiri."

Saa kumi! Nikamuuliza kuna msiba gani.

"Hakuna msiba," akasema. "Binti yangu anaimba."

Nikaona isiwe taabu, mgeni hana budi. Lakini moyoni nikasema hawa wenzetu vipi, muziki gani wa kuamkiwa kabla ya jogoo? Sisi kwetu saa kumi ndo watu wanatoka kwenye muziki, hawaendi!

Tukatoka. Du! Nilidhani tutakuwa peke yetu barabarani, kumbe mji mzima uko nje. Akina mama na mabinti wamevaa sari nyeupe zenye pindo jekundu, maua kichwani. Wanaume wamevaa panjabi, mfano wa kanzu inayoishia magotini. Watoto wamepakatwa, wazee wameshikwa mkono, na lami yenyewe huku na kule imechorwa maua kwa rangi. Wote wanakwenda upande mmoja, kwenye bustani ya Ramna katikati ya jiji.

Siku hiyo wanaiita Pohela Boishakh, maana yake siku ya kwanza ya mwezi wa Boishakh. Kalenda yao ilikuwa inaingia mwaka 1431. Inasemekana mfalme Akbar wa Kimughal ndiye aliyeiweka sawa ili kodi ikusanywe wakati wakulima wamekwisha vuna. Ndiyo maana mpaka leo kuna wenye maduka wanaofungua daftari jipya siku hiyo: mteja analipa deni la zamani, anapewa kitu kitamu, mambo yanaanza upya. Nikawaza, hii ikiletwa kwetu kuna watu watahama mtaa.

Tulipofika langoni, nikashangaa. Polisi kila kona, mbwa wa kunusa, milango ya kukagulia chuma kama uwanja wa ndege. Nikamwambia mwenyeji wangu, "Bhai, Rais anakuja?" Hakujibu. Nikamtazama vizuri, nikaona jasho limemtoka, na hapo jua halijachomoza.

Tukaingia. Akataka tukae karibu na lango, pale pale. Sikuelewa, kwa sababu nafasi mbele bado zilikuwepo. Mara ukaja ujumbe kwenye simu yake, akausoma, akaguna. "Anasema anataka kuniona akiwa jukwaani," akasema. Tukasogea mbele, lakini kila hatua tano alikuwa anageuka nyuma.

Jukwaa lenyewe liko chini ya mti mkubwa. Pahali hapo panaitwa Batamul, yaani shina la mti wa "bot", ambao ni ndugu wa mkuyu wetu. Ukiwasikiliza wanaojua miti, watakuambia mti ule si "bot", ni "oshottho", wa ukoo huo huo lakini mwingine. Hakuna anayejali, jina limekwisha kamata. Waimbaji walikuwa zaidi ya mia, wameketi chini kwa safu, wakubwa kwa watoto. Na binti wa mwenyeji wangu huyo hapo, miaka kumi na minne, mwaka wake wa kwanza kwenye safu ile.

Jua lilipochomoza, ala zikaanza peke yake, polepole, sauti kama ya mtu anayeamshwa kwa upole. Hakuna MC wa kupayuka eti "mko juuu!" Kulikuwa na tabla, kulikuwa na hamoniamu, kile kinanda cha kupepea kwa mkono ambacho wazee wetu wa taarab wanakijua sana, na filimbi ya mwanzi. Halafu zile sauti zaidi ya mia zikaingia pamoja. Msomaji, sikujua neno hata moja, lakini nywele za mikono zilisimama.

Niliyoyasikia pale nilikuja kuelezwa baadaye, na wewe nikumegee kidogo. Nyimbo nyingi zilikuwa za Rabindranath Tagore, yule mshairi aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 1913. Huyu mzee alitunga nyimbo zaidi ya 2,000, na nyimbo za taifa za nchi mbili, India na Bangladesh, ni zake. Nyingine zilikuwa za Kazi Nazrul Islam, mshairi muasi aliyewahi kufungwa na Waingereza kwa ajili ya kalamu yake. Mwaka 1942 maradhi yakamnyang'anya sauti, akaishi kimya zaidi ya miaka thelathini, akafariki Dhaka mwaka 1976. Nazrul alikuwa Mwislamu, lakini alitunga nyimbo za dini yake na nyimbo za miungu ya Wahindu pia, na zote zinaimbwa.

Halafu kuna za Lalon. Huyu alifariki mwaka 1890 huko Kushtia, na alikuwa kinara wa watu wanaoitwa Baul. Baul ni waimbaji wa kuzunguka, nguo zao za rangi ya zafarani, mkononi wameshika ektara, chombo cha uzi mmoja tu, ndugu wa zeze. Wanasema Mungu mtafute ndani ya mtu, usimtafute mbali. Lalon alipoulizwa dini yake hakujibu, akaimba. Hata leo watu wanabishana alizaliwa katika dini gani. Mwaka 2005 UNESCO iliziingiza nyimbo za Baul katika hazina za dunia.

Mwisho wote tukasimama, ukaimbwa wimbo wa taifa. Na hapa kuna kisa ambacho sitakisahau. Maneno ya wimbo ule Tagore aliyaandika mwaka 1905, wakati Waingereza walipolikata jimbo la Bengal vipande viwili. Lakini sauti yake, ule mdundo wa wimbo, aliuchukua kwa mpeleka barua! Ndiyo, tarishi wa posta wa kijijini, jina lake Gagan Harkara, na hilo neno "harkara" lenyewe maana yake ni mpeleka barua. Alikuwa akitembea vijijini na mfuko wa barua huku akiimba nyimbo za Baul. Tagore akamsikia. Leo marais wanasimama wima kwa sauti ya tarishi.

Watu walipoanza kutawanyika mwenyeji wangu alibaki ameketi. Ndipo akaniambia habari za wale polisi.

Ili umwelewe, lazima urudi nyuma kidogo. Kuanzia 1947 Bangladesh ilikuwa sehemu ya Pakistan, na watawala walikuwa upande wa pili, mbali, India yote iko katikati. Walitaka lugha ya taifa iwe Kiurdu tu. Tarehe 21 Februari 1952 wanafunzi wa Dhaka walioandamana kutetea Kibengali walipigwa risasi, na ndiyo maana tarehe hiyo sasa ni siku ya lugha za mama duniani kote. Baada ya lugha zikafuata nyimbo. Tagore alionekana mtu wa upande wa India. Mwaka 1961, alipotimiza miaka mia tangu azaliwe, watu wa Dhaka walimsherehekea bila kujali nani kanuna, na kutokana na sherehe hizo kikazaliwa chama cha nyimbo kinachoitwa Chhayanaut. Mmoja wa waanzilishi wake alikuwa mwanamama Sanjida Khatun, mwalimu na mwimbaji.

Aprili 1967 Chhayanaut wakaleta waimbaji chini ya ule mti kwa mara ya kwanza. Miezi miwili tu baadaye waziri wa habari wa Pakistan akatangaza kwamba nyimbo za Tagore zinazopingana na siasa ya nchi hazitapigwa tena redioni. Sasa wewe fikiria: wimbo wa maua, wimbo wa mvua, wimbo wa alfajiri, eti ni hatari kwa serikali! Lakini watu wakazidi kwenda kwenye mti.

Mwaka 1971 hawakwenda, maana vita ya ukombozi ilikuwa imeanza mwezi Machi. Waimbaji walivuka mpaka wakaingia India, kikundi kimoja kikapanda lori kuwaimbia wakimbizi na wapiganaji makambini. Mmarekani mmoja, Lear Levin, aliwapiga picha, na mwaka 1995 picha zile zikatengenezwa filamu iitwayo Muktir Gaan, yaani nyimbo za uhuru. Mwaka huo huo wa 1971, Agosti mosi, Ravi Shankar na George Harrison wa Beatles walipiga lile onyesho kubwa New York kuichangia Bangladesh. Desemba nchi ikawa huru, na wimbo wa tarishi ukawa wimbo wa taifa.

"Nilidhani mambo yaliishia hapo," nikamwambia.

"Hata mimi nilidhani," akasema.

Tarehe 14 Aprili 2001 alikuwa kijana wa chuo, ana miaka 22. Alikuja Ramna na wenzake. Nyimbo zikiendelea, yeye akatoka kidogo kutafuta karanga. Bomu likalipuka nyuma yake, pale pale kwenye watu. Walikufa watu 10. Mwaka 2014 mahakama iliwatia hatiani wanamgambo wa kundi la wenye siasa kali, ambao kwao kuimba pale ni ukafiri. Mwenyeji wangu anasema hakumbuki alivyofika nyumbani, anakumbuka tu kwamba alikuwa peku, viatu vyote viwili hajui alivipoteza wapi.

Aprili 2002 ikafika. Chhayanaut wakatangaza wanaimba tena, mti ule ule, saa ile ile. Yeye akajifunika shuka. Mama yake mzazi, mwanamke ambaye hata Tagore alikuwa hampendi sana, akaamka, akavaa sari yake nyeupe, akaenda peke yake. Alirudi mchana, akavua viatu, akamwambia mwanawe, "Nilikuwekea nafasi, hukuja." Basi. Hakurudia tena.

Tangu mwaka uliofuata amekuwa akienda, lakini anakaa karibu na lango. Siku hiyo niliyokuwa naye ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kukaa mbele, kwa sababu binti alitaka kumwona. "Nilimkataza asijiunge," akaniambia. "Nikamwambia imba nyumbani. Akaniambia, Baba, nyumbani nani atasikia?"

Tukaenda kwake kunywa chai. Bhabi ametuandalia chakula cha siku ile. Unajua ni nini? Kiporo! Wallahi tena. Wali wa jana umelowekwa maji usiku kucha, unaitwa panta, unaliwa na pilipili mbichi, kitunguu na kipande cha samaki aitwaye ilish. Watu na akili zao na nguo mpya wanakula kiporo kama sikukuu, na huyo samaki bei yake siku hizo inapanda mpaka mwenye kipato cha kawaida anamtazama tu sokoni kama picha. Nilikula nikaongeza. Sisi kiporo tunakila tukijificha jirani asione, wenzetu wamekifanyia mwaka mpya.

Baada ya hapo yule binti, ambaye ananiita chacha, yaani baba mdogo, akatupeleka kuona maandamano ya chuo kikuu. Hayo yalianza mwaka 1989, wanafunzi wa sanaa walipotoka na vinyago vikubwa vya ndege, tembo na chui, wakati Jenerali Ershad akitawala na watu wamechoka kunyamaza. Mwaka 2016 nayo yaliingia katika orodha ya UNESCO. Ngoma zinazoitwa dhol zinapigwa ile mbaya, zimening'inizwa shingoni. Ngoma hainaga ugeni jamani. Mguu wangu ulicheza kabla mimi sijaamua.

Saa nane mchana binti kabadilika. Sari hakuna, ana jinzi na fulana nyeusi. "Chacha, sasa twende kwenye muziki wangu."

Baba mtu akanuna. Akaanza yale yale tunayoyajua: vijana wa siku hizi, makelele, magitaa, wanaua muziki wa wazee. Binti anatafuta pa kujibu. Bhabi akacheka kule jikoni, akasema, "Chacha, mwulize huyo nywele zake zilifika wapi mwaka 1995." Kumbe bwana mkubwa alikuwa na nywele za mabegani, na kanda zote za bendi ya LRB alikuwa nazo! Akanywea, akachukua funguo za gari.

Tukaenda Dhanmondi, kando ya ziwa, penye jukwaa la wazi. Bendi ya vijana wa chuo ilikuwa inapiga nyimbo za mastaa wao. Muziki wa bendi Dhaka una baba yake, naye ni Azam Khan. Mwaka 1971 alikuwa msituni na bunduki. Vita vilipokwisha akashika gitaa, akaimba habari za mama anayemlilia mtoto wake aliyekufa katika vibanda vya pembeni mwa reli, kwa sababu uhuru ulikuja lakini njaa nayo ikaja. Wakubwa wa muziki wa heshima walimwona mhuni. Vijana wakamwita Guru. Alifariki mwaka 2011, na hakuna anayemwita mhuni tena.

Wakapiga nyimbo za Ayub Bachchu, mpiga gitaa wa LRB, ambaye kifo chake cha ghafla Oktoba 2018 kilitoa machozi Dhaka na kwao Chittagong. Hapo nikamtupia jicho mwenyeji wangu. Anaimba! Maneno yote anayajua, macho kafumba. Wakapiga za James, yule ambaye wapenzi wa filamu za Kihindi mlimsikia katika Gangster ya mwaka 2006. Bendi yake inaitwa Nagar Baul, maana yake Baul wa mjini. Unaona? Wakaja na ule wimbo wa kundi la Feedback wa mwaka 1990, Melay Jai Re, unaohusu kwenda kwenye sikukuu ya Boishakh yenyewe, ambao kwao siku hiyo haikamiliki bila huo. Pale sasa ilikuwa si mchezo, mpaka wauza maputo wanaruka.

Pembeni ya jukwaa kulikuwa na mzee mmoja Baul na ektara yake, anasubiri zamu. Nikadhani wale watoto watakwenda kununua soda. Wapi! Mpiga drums akapunguza, mpiga besi akamfuata, mzee akaimba na bendi nyuma yake, na vijana wakamjibu kila kiitikio.

Binti akanieleza kwa kelele sikioni. Akasema kuna kijana, Habib Wahid, ambaye akiwa London alichukua nyimbo za vijijini kwao akaziwekea midundo ya kompyuta, na albamu yake ya Maya ya mwaka 2004 ikatikisa mji. Wazee walilalamika. Lakini katika zile nyimbo zilikuwemo za Shah Abdul Karim, mzee wa Sunamganj aliyekulia uchungaji wa ng'ombe, akaishi kwa shida, akatunga kwa miaka mingi bila mjini kujulikana sana. Alifariki mwaka 2009 akiwa na miaka 93. "Mimi nilimjua kwa zile midundo," binti akasema. "Halafu nikamtafuta yeye mwenyewe. Sasa ninazo za kwake kwenye simu, za sauti yake." Baba yake akawa anasikiliza, hakusema kitu.

Sherehe za wazi mwaka ule ziliamriwa kwisha kabla jua halijazama, kwa ajili ya usalama. Tukarudi nyumbani mapema. Na hapa sasa ndipo aibu yangu inapoingia.

Kule wana tabia, watu wakikaa baada ya chakula, kila mmoja anatoa wimbo. Sio mashindano, ni mazungumzo tu. Bhabi akatoa wake, wa waendesha mashua. Hizo zinaitwa bhatiyali, na wengi wanasema jina limetokana na "bhata", maji kupwa. Mwendesha mashua akifuata maji hana haja ya kupiga kasia, kwa hiyo ana muda wa kuivuta sauti mpaka ukingo wa pili. Nilipoisikia nikasema mbona hii naijua? Kumbe wengi wetu tunaijua bila kujua. S.D. Burman, yule mtunzi mkubwa wa muziki wa filamu za Kihindi, alizaliwa Comilla mwaka 1906, na mji huo leo uko Bangladesh. Hizi sauti za mito alizipeleka Bombay, akaziweka katika filamu kama Bandini ya mwaka 1963. Wazee wetu wa Tanga, Mombasa na Unguja waliokuwa wakijaza majumba ya sinema, na waimbaji wa taarab waliokuwa wakiazima sauti za filamu za Kihindi, walikuwa wakizisikia sauti za mto wa watu wengine wakadhani ni za Bombay.

Basi bhabi kamaliza. Baba mtu kaimba. Binti kaimba. Wote wakanigeukia. "Chacha, sasa wimbo wa kwenu."

Nikakohoa. Nikasema subiri nichague. Msomaji, nikatafuta kichwani. Za redioni ninazo mia, lakini nilijua hawakuniuliza hizo. Nikakumbuka bibi yangu Tanga, alikuwa na wimbo mmoja wa harusi, akiuimba usiku wanapompamba biharusi. Nikaanza. Mstari wa kwanza ukatoka vizuri, bhabi kaanza kupiga makofi taratibu. Mstari wa pili ukagoma. Nikarudia wa kwanza. Wa pili ukagoma tena. Nikazuga kwa kuvuta sauti, nikapiga "lelelele" mbili tatu, yule mtoto akanitazama. Watoto hawazugiki. "Umesahau?" akauliza kwa upole. Na upole ule ndo uliouma.

Bhabi, ili kunisitiri, akauliza wimbo unasema nini. Sikujua hata hilo. Nilijua ni wa harusi, basi.

Usiku ule pangaboi nililitazama mpaka alfajiri. Nikawa nawaza: wale watu walikatazwa nyimbo zao redioni, wakapigwa bomu wakiimba, na wanazo. Mimi hakuna aliyenikataza. Hakuna waziri aliyetangaza, hakuna mtu aliyenitishia. Wimbo wa bibi yangu nimeupoteza mwenyewe kwa kuwa nilikuwa na haraka, kila alipouimba nilikuwa natoka mlangoni.

Niliporudi, mzigo wa nguo niliuacha bandarini nikapanda basi la Tanga. Bibi alikwisha tangulia mbele ya haki siku nyingi, lakini shangazi yupo. Shikamoo, marahaba, nikamwambia shida yangu. Alicheka mpaka machozi, akasema, "Wewe mwanangu, si ulikuwa ukisema huo ni ushamba?" Akauimba. Beti nne! Ya tatu ikawa inampiga chenga, ikabidi aitwe jirani, mtu mzima mwenzake. Nikawarekodi kwa simu, na maneno nikayaandika kwenye daftari. Sasa naujua wote, hata kama sauti yangu ni ya kufukuza kunguru.

Mwezi Machi 2025 mwenyeji wangu alinitumia ujumbe kwamba Sanjida Khatun, mama wa ile kwaya, amefariki tarehe 25, amebakiza siku chache tu kufikisha miaka 92. Wiki tatu baadaye, tarehe 14 Aprili, akanitumia picha. Mti ule ule. Binti yuko safu ya pili. Hata yale maandamano ya vinyago mwaka huo yalibadilishiwa jina na watu wakabishana sana, lakini chini ya mti waliimba kama kawaida. Picha ilipigwa kutoka karibu sana na jukwaa, nikajua bwana mkubwa langoni hakai tena. Nikamjibu kwa kumtumia sauti yangu, beti nne zote.

Akajibu: "Bhai, sasa tuambie unasema nini."

Basi msomaji, na wewe wikiendi hii kabla hujaenda kujirusha, mpitie bibi au shangazi. Mwombe mmoja tu. Usije ukaumbuka ugenini kama mimi.

Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.